Kataliko mjenzi, Kataliko mwandishi

Mazungumzo ya leo yanahusu barua moja na mtu aliyeiandika, ila ili kuifikia barua hiyo nitapitia kwanza Bosnia. Mwezi Desemba 1992, mji wa Sarajevo ulikuwa umezingirwa tangu Aprili, na mizinga ilikuwa inaupiga kutoka milimani. Watu wapatao 500, wengi wao Waitalia, walipanda meli bandarini Ancona, wakavuka bahari na kuingia katika mji ule bila silaha, wakakaa muda mfupi pamoja na wenyeji, wakarudi. Kiongozi wao alikuwa padri Albino Bizzotto wa chama cha Beati i costruttori di pace, na pamoja naye alikuwako Tonino Bello, askofu wa Molfetta, aliyekuwa anaugua saratani na aliyefariki miezi minne baadaye. Wengi wetu hatujui kwamba chama hicho hicho kilifika hapa kwetu. Mwishoni mwa Februari 2001 kilileta Butembo wageni wapatao 300 kutoka Ulaya kwa mkutano wa kimataifa wa amani Afrika. Kampeni yao ilikuwa na jina la mji mwingine, “Anch'io a Bukavu”, maana Bukavu ndiko walikotaka kwenda. Lakini Bukavu ilikuwa chini ya waasi wa RCD-Goma, na njia ya huko haikufunguka. Wakaja Vulamba, yaani huku kwetu Butembo, Beni na Lubero, nyumbani kwa askofu mkuu wa Bukavu, Monseigneur Emmanuel Kataliko, ambaye wakati huo alikuwa kaburini hata miezi mitano haijatimia.

Nimeanzia Bosnia kwa sababu nyingine pia. Nchi ile imetupa mfano mkali wa mambo yanayoweza kufanywa na mtu mwenye kipaji cha lugha pale anapoingia katika mambo ya watu wote. Katika Sarajevo iliyozingirwa alibaki mshairi mmoja mzee, Izet Sarajlić, aliyezaliwa 1930. Angeweza kutafuta njia ya kuondoka. Hakuondoka, na katika miezi ya kwanza ya mzingiro akaandika mashairi ya vita chini ya mabomu yale yale yaliyowaangukia majirani zake. Upande wa pili, juu milimani, wale wenye mizinga waliongozwa kisiasa na mshairi vilevile. Radovan Karadžić alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na mashairi yake yalikuwa yanachapwa tangu miaka ya 1960. Mahakama ya The Hague ilimpa kifungo cha miaka 40 mwaka 2016, halafu mwaka 2019 adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, kwa mauaji ya kimbari ya Srebrenica na makosa mengine, mzingiro wa Sarajevo ukiwemo. Wote wawili walijua kupanga maneno. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba ufundi wa lugha ni ushahidi wa moyo mwema. Ukitaka kupima neno la mtu wa hadhara, kuna maswali mawili ya kuuliza: linamtaja nani, na nani analipa gharama yake? Sarajlić alilipa mwenyewe. Karadžić aliwalipisha wengine.

Kataliko hakuwa mshairi, na sitamvisha kanzu ambayo hakuivaa. Alikuwa mchungaji aliyeandika. Lakini kwa maswali hayo mawili anasimama vizuri kuliko washairi wengi, na hoja yangu jioni hii inatoka hapo. Sisi watu wa Vulamba tumeirithi nusu ya Kataliko. Tumemshika mjenzi, tumemwacha mwandishi. Tunasimulia chuo kikuu, barabara, shule na zahanati, na tunasimulia kwa haki. Ile barua ya Noeli ya 1999, iliyomfanya afukuzwe, tunaitaja kama jambo la Bukavu, kama ajali iliyompata mzee wetu ugenini. Mimi naona kinyume. Barua ile ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na sababu inayotufanya tuisahau ni sababu ile ile inayoipa ukubwa.

Tumtazame kwanza mjenzi. Emmanuel Kataliko alizaliwa Lukole, katika Lubero, mwaka 1932, akapewa upadri mwaka 1958, miaka miwili kabla ya uhuru. Mwezi Mei 1966, akiwa na miaka isiyozidi 34, aliteuliwa na Papa Paulo wa Sita kuwa askofu wa jimbo lililokuwa likiitwa Beni, ambalo mwaka uliofuata liliitwa Butembo-Beni. Alichukua nafasi ya Monseigneur Henri Piérard, Mbelgiji wa shirika la Waasunsionisti, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jimbo hili. Fikirieni jimbo alilokabidhiwa. Uasi wa Wasimba wa mwaka 1964 ulikuwa umepita Beni na Butembo, misheni zimeporwa, watu wametawanyika. Baadaye likaja jambo lililochukua miaka mingi na lisilopiga kelele, yaani serikali kujiondoa yenyewe. Mobutu alikuwa Kinshasa, na kati ya Kinshasa na Lubero kulikuwa na msitu na barabara zilizokufa. Mishahara ya walimu ilikoma kuwa mishahara. Kataliko alikaa katika kiti hicho miaka 31, mpaka 1997, na katika miaka hiyo parokia, wafanyabiashara na wakulima walizoea kufanya wenyewe kazi ambazo kwingine hufanywa na wizara. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichofungua milango mwaka 1989, ndicho kilele cha mazoea hayo. Mpaka wakati huo kijana wa Vulamba aliyetaka kusoma udaktari au sheria alilazimika kwenda Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, kama familia ingeweza kulipa na kama ndege ingekuwepo.

Ni rahisi kumpenda mtu wa namna hiyo, na hapo ndipo ninapoanza kuwa na shaka na sifa zetu. Mjenzi hamshitaki mtu. Jengo la shule halimwulizi mkubwa wa ushuru amepeleka wapi pesa za mpakani. Linampa hata nafasi ya kuja kukata utepe. Wako watu waliosema, na si maadui wa Kanisa tu, kwamba ule ushirikiano wa sakristia na maduka ya Butembo uliipunguzia serikali mzigo iliopaswa kuubeba, ukawazoeza raia kulipa mara mbili: kodi kwa ofisi, halafu mchango kwa parokia ili kazi ya ofisi ifanyike. Sioni namna ya kuikanusha lawama hiyo yote. Watoto waliokuwa darasani mwaka 1985 wasingengoja Mobutu abadilike, kwa hiyo kujenga kulikuwa ni lazima. Lakini kujenga bila kusema kungeweza kabisa kugeuka kuwa msaada kwa wale wanaobomoa. Anayemsifu Kataliko kwa matofali peke yake anamwacha bila jibu mbele ya shitaka hilo. Jibu lake analo, ila limo katika maandishi yake ya Bukavu.

Kwenda kwake Bukavu hakukuwa kupandishwa cheo kwa kawaida. Tarehe 29 Oktoba 1996, askofu mkuu Christophe Munzihirwa, Myesuiti, aliuawa barabarani katika mji wa Bukavu siku ile ulipoanguka mikononi mwa majeshi yaliyoingia kutoka Rwanda. Munzihirwa naye alikuwa ameandika sana, akiita dunia iwatazame wakimbizi na raia waliokuwa wanasubiri kifo. Kiti chake kilibaki wazi miezi minne. Machi 1997 akateuliwa Kataliko, mtu wa miaka zaidi ya sitini aliyekuwa na haki ya kuomba apumzike katika mji alioujenga. Alikubali. Mwezi Agosti 1998 vita ya pili ikalipuka, na Kivu ya Kusini ikawa chini ya RCD iliyosimamishwa na Rwanda. Majina ya mauaji ya miezi iliyofuata mnayajua: Kasika mwezi huo huo wa Agosti, ambako padri na masista waliuawa pamoja na waumini wao, Makobola, watu wakichinjwa mwaka 1998 ukiisha na 1999 ukianza, halafu Mwenga, mwezi Novemba 1999, wanawake waliozikwa wakiwa hai. Noeli ya 1999 ilifika majuma machache baada ya Mwenga. Askofu yeyote angeweza kuandika salamu za sikukuu juu ya hori la Bethlehemu, akawatakia waumini mwaka mpya wa neema, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kataliko aliandika mambo mengine. Nitaeleza yaliyomo kwa maneno yangu. Anasema kwamba mataifa ya kigeni, yakisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu Wakongomani, yanaendesha vita kwa mali ya nchi yetu wenyewe. Mali ambayo ingelipa shule, hospitali na maendeleo inageuka kuwa risasi za kutuua. Kilicho na thamani kimeporwa na kupelekwa nje, au kimeharibiwa. Kodi na ushuru unaokusanywa hauirudii jamii bali unaingia mifukoni. Kanisa lenyewe halikupona, maana parokia na nyumba za watawa zimevamiwa. Kisha linakuja jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: wako Wakongomani, anasema, walioporomoka kiasi cha kumtoa ndugu yao auawe kwa noti ya dola kumi au ishirini. Baada ya kusema hayo yote hamwiti mtu yeyote achukue panga. Anawaita waumini wamfuate Kristo aliyesulubiwa, wakatae chuki, wawe tayari kuteseka kwa ajili ya ukweli kuliko kuishi kwa uongo.

Tazameni jinsi barua hiyo ilivyopangwa, kwa sababu ufundi wake umo katika mpangilio. Mwanasiasa wa kawaida wa Kivu, wakati ule na leo, angeanza na mgeni na kumaliza na mgeni. Hiyo haina hatari kubwa; kelele dhidi ya jirani wa ng'ambo ya mpaka huwafurahisha wasikilizaji na huwasha moto ambao wengine ndio watakaoungua. Kataliko anaanza na mgeni, halafu anageuza uso. Anamtaja ndugu anayefungua mlango, mkusanya ushuru, mtu anayenong'ona jina la jirani kwa pesa ya kununua debe la mafuta. Na hata hapo hataji kabila. Anataja matendo, na kila msikilizaji analazimika kujitazama kama matendo hayo ni yake. Karadžić alijenga hotuba zake kwa njia iliyo kinyume kabisa: watu wake walikuwa wote wana haki, majirani wote walikuwa hatari. Ukizilinganisha njia hizi mbili utaelewa kwa nini lile shitaka walilolitoa wakubwa wa RCD, kwamba askofu alikuwa anachochea chuki ya kikabila, haliwezi kusimama. Barua yenyewe inalikanusha kwa anayeisoma.

Mwanzoni mwa Februari 2000 Bukavu ilifunga maduka na ofisi kwa siku kadhaa kuwapinga watawala wale. Tarehe 12 ya mwezi huo, Kataliko, aliyekuwa nje ya mji, alizuiwa kurudi. Akaletwa kukaa hapa Butembo. Jambo hilo linachekesha kwa uchungu: utawala ulitaka kumwadhibu mtu, ukampeleka kwenye watu waliomjua tangu ujana wake, katika mji ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa waasi wengine, wale waliotegemea Uganda. Nadhani wakubwa wa RCD walifikiri watamrudisha kwenye ukabila wake. Ujumbe wao kwa watu wa Bukavu ulieleweka bila kutamkwa: huyu si wenu, ni wa Wayira, yaani Wanande, mwacheni aende kwao. Jibu lilitoka Bukavu kwenyewe. Katika parokia misa zilisimamishwa, shule zikabaki bila watoto, na kwa miezi saba jina la mtu wa Lubero lilikuwa linatamkwa na Washi, Warega na Wafuliru kama jina la baba yao. Tarehe 14 Septemba 2000, siku Wakatoliki wanapoadhimisha kutukuka kwa Msalaba, wakubwa walilegeza na Kataliko akarudi Bukavu mji mzima ukiwa barabarani. Anayeniambia kwamba kumsifu Kataliko ni majivuno ya Kiyira, namwomba aitazame miezi hiyo saba. Katika Kivu hii yetu, ambako hata uongozi wa timu ya mpira hupimwa kwa kabila, watu wa kusini walifunga shule zao kwa ajili ya mtu wa kaskazini. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya chuo kikuu alichokijenga Butembo, hawakunufaika nacho. Walifanya hivyo kwa sababu aliyaandika mambo waliyokuwa wanaogopa kuyasema nyumbani mwao.

Sasa niyajibu mapingamizi, maana najua yapo. La kwanza ni la kale: askofu asiingie siasa, kazi yake ni madhabahu. Wanaolileta mara nyingi hulileta kwa nusu. Hawakulalamika askofu alipojenga barabara, na barabara ni siasa tupu. Ni nani apite, mali ya nani ifike sokoni, kizuizi cha nani kivunjwe. Wanalalamika anaposema pesa za barabara zilikokwenda. Ikiwa mchungaji anaruhusiwa kuwazika waliouawa lakini haruhusiwi kuuliza waliuawa kwa nini, basi tumempa kazi ya mchimba kaburi. Nakubali jambo moja. Kiongozi wa dini anayetafuta kura, au anayemnadi mgombea juu ya mimbari, anauza kitu kisicho chake, na nchi yetu imewaona wa namna hiyo, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Barua ya 1999 haikumnadi mtu. Hakuna chama kilichoweza kuichukua kikasema ni yetu, kwa sababu vyote vilikuwa na watu waliotajwa humo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitaki kulipita haraka. Linasema: barua haikusimamisha vita. Kweli. Aliyeiandika alikufa usiku wa kuamkia tarehe 4 Oktoba 2000, huko Italia karibu na Roma alikokuwa amekwenda kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika, siku ishirini tu baada ya kurudi Bukavu, moyo ulisimama. Vita ikaendelea bila yeye. Mwaka 2002 na 2003 kukawa na mauaji ya Mambasa na kandokando ya Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, Oicha, Mbau na Eringeti wamekuwa wakizika wafu wao mfululizo. Mtu anayelala porini akikimbia mapanga ana haki ya kuuliza neno la askofu lilimfaa nini.

Jibu langu ni kwamba tunaipima barua kwa kazi isiyokuwa yake. Neno halizuii risasi. Linaloweza kufanya ni kumnyima muuaji na mporaji nafasi ya kuandika historia peke yake, na hilo lina matokeo yanayoonekana. Kataliko aliandika Desemba 1999 kwamba vita ile inaendeshwa kwa mali yetu. Wakati huo watawala wa Kigali na Kampala walisema majeshi yao yako Kongo kwa usalama wa mipaka yao, na miji mikuu mingi ya dunia ilikuwa imekubali maelezo hayo, au imenyamaza. Mwezi Juni 2000 Umoja wa Mataifa uliunda jopo la wataalamu kuchunguza uporaji wa mali ya Kongo, na ripoti yake ya Aprili 2001 ilieleza, kwa majina na kwa takwimu, uporaji ule ule alioueleza askofu bila kuwa na mpelelezi hata mmoja. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa katika ardhi ya Kongo, na kwamba iliwajibika kwa uporaji uliofanywa na askari wake. Februari 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325, na kati yake dola milioni 60 ni za mali ya asili. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa, kwa sababu mahakama iliona haina mamlaka juu yake. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ukatoa ile ripoti ya matukio 617 ya mauaji na ukatili ya miaka 1993 hadi 2003. Sidai kwamba majaji na wataalamu hao walifuata barua ya Bukavu. Nasema kwamba mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba inayoungua aliyaandika siku ile ile mambo ambayo waliokuwa nje walihitaji miaka kuyathibitisha, na aliyaandika wakati kuyasema kulikuwa na bei.

Liko pia pingamizi la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, na ndilo linalotugusa sisi. Linasema kwamba Kataliko aliwakemea waasi wa upande wa Rwanda kwa kuwa alikuwa Bukavu, na barua ile haina habari na Vulamba. Soma tena. Aliandika juu ya mataifa ya kigeni, si taifa moja. Mwaka 1999 bendera tuliyoipigia saluti sisi ilikuwa nyingine, lakini mambo yalikuwa yale yale: dhahabu, mbao na kahawa vikipita mpaka wa Kasindi, askari wa Uganda wakiwa na sehemu yao, na watu wa hapa hapa, baadhi yao wakubwa, wakipata sehemu ya kwao. Wengine waliotawala wakati ule wamekuwa wabunge na mawaziri baadaye. Biashara nyingi zilizoujenga mji wa Butembo zilipita katika miaka hiyo kwa makubaliano na wenye bunduki, maana njia nyingine haikuwepo; na mfanyabiashara aliyelipa askari ili lori lipite si sawa na mtu aliyemuuza jirani. Barua ya Kataliko inatutaka tuitazame tofauti hiyo kwa macho makavu, tuseme nani alilipa kwa kulazimishwa na nani alinufaika. Hilo hatukulifanya. Tumeona ni afadhali kuipa barabara jina la askofu.

Hiyo ndiyo sababu niliyoigusa mwanzoni. Kumkumbuka mjenzi kunatuunganisha, kwa kuwa kila mtu amenufaika. Kumkumbuka mwandishi kunatutenganisha, kwa kuwa lazima mtu ajiulize alikuwa upande gani. Basi tumefanya kama warithi wanaogawana mashamba ya marehemu na kuyaacha madeni yake yajilipe.

Hata hivyo urithi wa maneno haukufa kabisa katika milima hii. Umeshikwa na watu wachache, na umewagharimu. Padri Vincent Machozi, Mwasunsionisti, aliendesha chombo cha habari cha Beni-Lubero Online kilichoandika mauaji ya Beni na Lubero moja baada ya jingine: mahali, tarehe, majina ya waliokufa. Usiku wa tarehe 20 Machi 2016 watu wenye silaha walimfuata Vitungwe, karibu na Butembo, wakamwua. Kabla yake, Oktoba 2012, mapadri watatu wa shirika hilo hilo walitekwa kule Mbau, na mpaka leo hawajaonekana. Mwaka 2021, chini ya ule utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei, mahakama ya kijeshi ya Beni iliwafunga wanamuziki kwa sababu ya nyimbo zao juu ya mauaji. Unaweza kutokubaliana na lugha ya nyimbo zile, na mimi nyingine naziona za matusi zaidi kuliko za ukweli. Lakini serikali inayomfunga mwimbaji kwa kuuliza ulinzi uko wapi inaeleza yenyewe inaogopa nini. Haijamfunga mtu kwa kujenga shule.

Atatokea wa mwisho kuniambia kwamba Kataliko alikuwa na ngao. Alikuwa askofu mkuu, Roma ilikuwa nyuma yake, kumfukuza kulikuwa ndicho kikomo cha ujasiri wa watesi wake. Mwalimu wa Oicha hana Roma. Ngao hiyo, tukumbuke, haikumsaidia Munzihirwa. Lakini nakubali kwamba si haki kumdai kila raia ushujaa wa askofu. Ninachodai mimi ni kidogo. Barua ile isomwe. Isomwe katika Chuo Kikuu cha Graben, katika kitivo cha sheria na kile cha uchumi, ikiwekwa mezani pamoja na ripoti ya 2001 na hukumu ya 2005, wanafunzi waulizwe mistari ipi imethibitishwa na ipi bado. Isomwe kwa Kiswahili na Kinande katika shule za sekondari, mahali ambapo kijana wa Beni anafundishwa mapinduzi ya Ufaransa kwa tarehe zake zote na hajui kwa nini askofu aliyezaliwa Lukole alikatazwa kurudi nyumbani kwake. Halafu ichukuliwe ile sehemu yake juu ya ushuru, ipelekwe kwenye kituo cha Kasindi mwaka huu, na wabunge wetu waeleze hadharani kiasi kinachokusanywa pale na kiasi kinachorudi katika barabara inayopitiwa na malori.